Majibu ya Baiskeli

Mifupa iliungua jikoni kwangu Jumamosi moja asubuhi, na mpaka nilipolifikia jiko, nyumba nzima ilikuwa imeshajaa ile harufu niliyodhani niliachana nayo utotoni. Wa kulaumiwa ni binti yangu, Brenda. Nilimwachia sufuria ya mulokoni, supu yetu ya kwato za ng'ombe, aiangalie. Yeye akajikalia sebuleni na simu mkononi, akijizoeza mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza, ule wanaofanyishwa vijana wanaotaka kwenda kusomea uuguzi ng'ambo. Simu inauliza, yeye anajibu. Je, watu wa nchini kwako wanapenda baiskeli? Ndiyo, wengi wanazipenda kwa sababu hazichafui hewa. Je, ulipokuwa mdogo ulikuwa na baiskeli? Ndiyo, ilikuwa nyekundu, nilizawadiwa siku yangu ya kuzaliwa. Huyu mtoto hajamiliki baiskeli tangu tumbo langu limtapike, wala nyekundu wala ya kijani. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, moshi wa mifupa mgongoni. Baba yangu, ambaye siku hizi anakaa kwangu na amesahau mengi, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, naye anasikiliza.

Ninyi wa rika langu mliosomea Kampala baada ya vita mtaujua mfupa ninaotaka kuusema. Wengine kwenu kilikuwa kipande cha gunia, wengine kibao chenye kamba. Kwa Mwalimu Kizito kulikuwa na taya la ng'ombe, lenye meno yake yote, lililotoka buchani moja kwa moja bila hata kuchemshwa vizuri. Pale taya linapokunja kona palikuwa na kinyama kilichobaki, cheusi, na nzi walikijua kuliko sisi. Ukikamatwa umesema neno la Kiganda, au la Kiswahili, au la lugha yoyote uliyonyonya kwa mama yako, unavishwa taya hilo shingoni kwa kamba ya katani, na utakaa nalo mpaka umsikie mwenzako naye ameteleza. Jua likizama unalo, unakwenda nalo nyumbani. Mambo ya namna hiyo yaliitwa kufundisha, na wazazi wetu waliyalipia.

Mwalimu Kizito alifundisha sebuleni kwake, Luzira juu, upande ule wa nyumba zenye maua uani. Alikuwa na sifa moja tu, nayo ilimtosha kuishi: wasichana wake walipita usaili wa shule moja ya bweni, ng'ambo ya pili ya mji, ambako hukuandika chochote bali ulikaa mbele ya Madamu na kujibu kwa mdomo. Mji mzima ulijua kwamba Madamu huyo huweka mezani picha ya baiskeli na kuuliza maswali juu yake, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo sisi tulisoma baiskeli. Hatukuiona, hatukuigusa, tulikariri majibu yake. Kizito alipenda kutafuna karanga huku anafundisha, na jibu likikutoka vibaya alikushika kidevu, akasogeza uso wake karibu, akakuonyesha ndani ya kinywa chake mahali ulimi unapopaswa kukaa. Nimeona karanga zilizosagika za mtu yule zaidi ya nilivyoona vitabu vyake. Nikiziona karanga sasa hivi, hata za kukaanga vizuri, nageuza uso.

Kwangu mimi mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kwetu tulizungumza Kiswahili mchana na usiku. Baba ni Mlango, mama ni Mlugbara, makabila mawili ya kaskazini, walikutana kwenye nyumba za polisi, na Kiswahili ndicho kilichowaoza. Baba alikuwa askari polisi wa serikali iliyoshindwa. Baada ya vita yeye na wenzake wengi waliambiwa warudishe sare na watafute pa kwenda, nasi tukahamia chumba kimoja karibu na mwalo, pale chini wanapoanika mukene, wale dagaa wetu wa ziwani. Kiswahili chetu mjini kilikuwa na sifa mbaya. Watu walikisikia zamani kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa nyuma ya bunduki, na hawakuwa na hamu ya kukisikia tena kwa mtoto. Nilijifunza mapema kunyamaza dukani, nikanyoosha kidole kwenye ninachokitaka.

Basi mfupa ukanipenda. Nakato, msichana aliyeketi nyuma yangu, aliligundua hilo siku za mwanzo kabisa. Akiwa nao shingoni hakuhangaika kutega wengine. Alikuja taratibu akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, nami nikalia, "Mama yangu weee!" Kizito anakohoa, Nakato anavua, mimi navaa. Jioni moja niliteremka nao mpaka mwaloni, mbwa wawili wakinifuata kwa heshima, nimebana pua kwa kola ya gauni. Mama alikuwa anasonga ugali. Aliponiona aliinua mwiko.

"Toa hiyo uchafu nje! Iko na nzi! Huyo mwalimu yako ni mchawi?"

Baba akanyoosha mkono, akaniondolea ile kamba kichwani polepole ili taya lisinikwaruze. Akalinusa, akacheka, akalivaa yeye.

"Wapi wewe nasikia Kiswahili?" akasema. "Kwa mimi. Basi hii ni ya mimi."

Akakaa chini, akala ugali na taya la ng'ombe kifuani, na kila alipoinama kuchukua tonge meno yalikwaruza ukingo wa sahani. Mama alikataa kula. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa, na nadhani ndiyo siku nilipompenda baba kwa akili yangu mwenyewe, si kwa kuwa nilimkuta pale.

Baiskeli ya baba, hata hivyo, sikuipenda. Ilikuwa nyeusi, nzito, na tangu aache upolisi ilikuwa ikimlisha. Alfajiri alifunga magunia ya mukene kwenye keria, akapanda nayo kilima cha kutoka ziwani, akaenda kuyashusha soko la Owino, na jioni akarudi na harufu ileile aliyoondoka nayo. Magamba yalikauka kwenye spoki. Maji ya samaki yaliingia kwenye cheni yakachanganyika na grisi, ikawa kitu ambacho sina jina lake. Paka wa mtaa mzima walilala chini yake. Baba aliniambia harufu ya kazi hainuki, nami nikajisemea moyoni kwamba basi pua yake imekufa. Ndiyo maana majibu ya Kizito yalinifurahisha: baiskeli yake ilikuwa safi, ilisimama kivulini, ilimilikiwa na mtu aliyeipanda Jumapili kwa starehe.

Majibu yenyewe yalikwenda mawili mawili, la kukubali na la kukataa. Hii ni baiskeli, hii si baiskeli. Baba yangu ana baiskeli, baba yangu hana baiskeli. Wakati usaili unakaribia, Kizito alianza kunirudisha kwenye lile la kukataa. Nikisema ana, ananiambia sema hana. Mwisho akaniongezea mkia: "Baba yangu hana baiskeli. Baba yangu ana gari." Nikalikariri bila kulifikiria, kama ulivyokariri wewe kwamba paka hayuko juu ya meza, ilhali hapakuwa na paka wala meza.

Nilichokijua ni kwamba nafasi hiyo ilikuwa moja tu. Mjomba wangu, kaka yake mama, mfanyabiashara wa Arua, alikubali kunisomesha shule ile na si nyingine, kwa kuwa aliyemsifia shule hiyo alikuwa mtu mkubwa. Nikishindwa, ningekwenda Arua kumsaidia mkewe kulea watoto, na shule ingeishia hapo. Mama aliniambia hivyo waziwazi, hakutaka nijidanganye.

Jioni moja Kizito mwenyewe akateremka mpaka kwetu, leso puani. Walizungumza na baba nje, karibu na baiskeli, sauti za chini. Mama alisimama nao kidogo, kisha akaingia ndani na kuanza kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Sikuambiwa kitu, na mtoto wa kwetu hakuuliza.

Kuanzia hapo baba naye akaanza kujifunza Kiingereza. Alikuwa nacho kidogo, kile cha gwaride, cha kugeuka kulia na kusimama wima. Sasa kila asubuhi, akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichopasuka, nilimsikia akirudia kwa Kiingereza: "Mimi si baba yake, madamu. Mimi ni mtu wa baiskeli tu." Nilifurahi kupita kiasi. Mimi nina majibu yangu ya kukataa, naye ana yake! Nilidhani amekwenda kwa Kizito kuomba apewe zoezi ili tusome pamoja, nisiogope peke yangu. Na kwa kuwa alilitamka neno baiskeli kama anayetoa amri kwa kikosi, nikajipa ualimu. Nilimshika kidevu chenye povu la sabuni, nikamwonyesha ulimi unakaa wapi, ila bila karanga.

"Polepole, baba. Usipige kelele. Sema tena."

"Mimi si baba yake, madamu."

"Vizuri! Tena."

"Wewe nafundisha vizuri kushinda Kizito," akasema, na akarudia, na akarudia, mpaka sentensi ikamtoka laini kabisa, kama mtu aliyezaliwa nayo. Mama alipita na karai la maji machafu, akayamwaga uani kwa nguvu, yakaturukia miguuni.

"Mimi sitaki kusikia hiyo maneno ndani ya nyumba yangu," akasema. "Opio, unasikia? Sitaki."

Baba akajifuta povu kidevuni. Nilidhani mama anaona wivu kwa kuwa yeye Kiingereza hakijui.

Siku ya usaili baba aliisugua baiskeli kwa majivu na mafuta ya taa, ikanuka samaki, majivu na mafuta ya taa. Akatandika kanga ya mama kwenye keria, nikapanda na gauni langu jeupe, nikamshika kiuno. Kilima cha Luzira alinishusha tukasukuma, kisha tukapita mjini, barabara bado ina mashimo ya vita, yeye anayakwepa kwa ufundi ili gauni lisirukiwe na matope. Nilirudia majibu yangu mgongoni kwake njia nzima. Naye niliuhisi mgongo wake unanguruma, anarudia la kwake.

Getini mlinzi alitusimamisha kabla hatujasema lolote.

"Mzee, hiyo baisikeri yako inanuka nini? Banange! Weka huko mbari, wageni wanapita."

Baba akaiegemeza kwenye ua, akanishusha, akavua kofia. Madamu alikuwa amesimama barazani, mwanamke mnene mwenye miwani na viatu vilivyong'aa, anapokea wasichana na wazazi wao mmoja mmoja. Wengi walishuka kutoka kwenye magari. Zamu yetu ikafika. Madamu akamtazama baba, kisha akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza kama yeye ndiye mzazi.

Baba akasimama wima, mikono ubavuni, kama alivyosimama zamani mbele ya wakubwa wake. "Mimi si baba yake, madamu," akasema. "Mimi ni mtu wa baiskeli tu."

Alilisema vizuri mno. Halikukwama popote. Kila kitu nilichomfundisha kilikuwa mahali pake, ulimi, pumzi, ile sauti ya upole ya mwisho, na Madamu akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha akangoje nje pamoja na madereva. Nilimwona anaondoka bila kugeuka. Nilichukizwa na Kizito, nikachukizwa na Madamu ambaye hakuwa amenikosea kitu, nikachukizwa na sauti yangu mwenyewe niliyoisikia ikitoka kwenye kinywa cha baba.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye, nikiwa mkubwa, alichosema Kizito jioni ile: "Ssebo, wewe ni mtu muzuri, lakini wakikuona hivi, mrefu hivi, na Kiswahiri yako ya bunduki, watauliza ulikuwa wapi wakati wa vita. Andika mjomba kuwa baba. Wewe peleka mtoto tu, kama mtu wa baiskeli." Baba aliuliza swali moja tu, kwamba hiyo inasemwaje kwa Kiingereza.

Ndani palikuwa na meza, na juu ya meza ile picha. Baiskeli yenyewe ndogo, imechujuka rangi, kona zimeliwa na vidole. Kwa hiyo kumbe ndiyo hii. Madamu akaketi, akauliza kwa upole.

"Baba yako ana baiskeli?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi, na mkia wake wa gari. Ndipo nikaelewa lilikuwa la kazi gani. La kwangu na la baba yalikuwa jibu moja lililokatwa vipande viwili, kila mtu akapewa kipande chake akikariri peke yake. Dirishani nilimwona ameinama, anafuta tandiko la baiskeli kwa mkono wa shati.

"Ndiyo, madamu," nikasema. "Baba yangu ana baiskeli. Ni ile pale. Na yule ni baba."

Madamu akavua miwani. Nami sikunyamaza. Kiingereza ambacho hakuna aliyenifundisha kikanitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Nikamwambia ni nzito, breki ya nyuma haishiki, inabeba mukene mpaka Owino, paka wanaifuata, inanuka, na mimi pia nimenuka leo kwa sababu yake, na aliyeisugua kwa majivu ni yeye kwa ajili yangu. Nililia huku nasema, lakini sikukosea.

Madamu akamwita mlinzi, mlinzi akamleta baba. Akaingia na kofia mkononi, akaniona nalia.

"Mtoto huyu anasema wewe ni baba yake," Madamu akasema. "Ni kweli?"

Baba hakuelewa yote, lakini aliielewa hatari. Alidhani nimeteleza, na kwamba kazi yake ni kuniokoa. Akanitazama mara moja, akanyooka. "Mimi si baba yake, madamu. Mimi ni mtu wa baiskeli tu."

"Baba!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. "Nimeshawaambia! Acha!"

Akalirudia. Mimi na baba tuna paji moja la uso, pana, lenye mkunjo katikati, hata kipofu angepapasa akajua. Madamu alitazama paji hili, akatazama lile, akaichukua ile picha ya baiskeli akajipepea nayo, maana chumba kilikuwa kimeanza kunuka. "Mtoto mwenye Kiingereza hiki tutamchukua," akasema hatimaye. "Hayo mengine myamalize nyumbani kwenu."

Hatukuyamaliza. Njiani nilimwambia nimepita, akasimamisha baiskeli, akashuka, akakaa ukingoni mwa barabara kama aliyechoka ghafla.

"Kwa nini wewe nasema?" akauliza.

"Kwa sababu wewe ni baba."

"Mimi najua. Wewe najua. Wao iko na kazi gani kujua?"

Kizito alikuja kunywa chai yetu ya pongezi. Akatema maganda ya karanga sakafuni kwetu, akasema, "Si nirisema?" na kwa miaka kadhaa aliwahadithia wazazi wengine kuhusu msichana wake wa mwaloni. Mama alimpa kikombe chenye ufa, na alipoondoka akakitupa. Tulicheka sote kasoro baba.

Kuhusu baba, alikwisha kumwambia Madamu kwamba si baba yangu, tena mara tatu, na mtu aliyewahi kuvaa sare hawezi kubadili maelezo. Jumapili za wazazi alikuja kila mara. Alisimama ng'ambo ya barabara, ameegemea baiskeli, ananipungia kofia. Nilimsihi avuke, nikamvuta mkono, nikamwambia Madamu anajua, shule nzima inajua. Akanipa mfuko wangu wa mihogo ya kukaanga, akasema hapa panamtosha, pana kivuli. Palikuwa na jua tupu. Nilimaliza shule ile bila baba yangu kukanyaga ndani ya geti lake, na cheti changu aliambiwa kiko mkononi mwangu akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko, mifupa imeungua, Brenda anaulizwa tena na simu yake kuhusu baiskeli. Kabla hajajibu, kiti cha dirishani kikalia. Baba alikuwa amejiinua. Huyu mzee siku hizi husahau kama amekula. Alisimama wima, mikono ubavuni, akaisemesha simu kwa Kiingereza safi, laini, bila kukwama popote:

"Mimi si baba yake, madamu. Mimi ni mtu wa baiskeli tu."

Brenda akapiga makofi, akacheka kwa furaha. "Jjajja! Kiingereza chako kitamu hivyo! Nani alikufundisha?"

Baba akageuka, akatafuta chumbani kwa macho yake hafifu mpaka akanipata pale mlangoni, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema kwa Kiswahili, anatabasamu. "Huyu mtoto yangu."